SURA YA TISA: KUMTAMBUA KEKEO WA MSITUNI

Katika darasa la nne ulijifunza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo hugawanywa katika makundi matano, nayo ni samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Ulijifunza pia kwamba ndege hutambulikana kwa manyoya yake, kwa mdomo wake usio na meno na kwa mayai yake yenye ganda gumu. Lakini kundi la ndege peke yake lina aina zaidi ya 10,000 duniani. Katika Tanzania pekee zimekwisha kuonekana aina zaidi ya 1,000. Basi mtu akisema, "Nimeona ndege," bado hajatueleza mengi. Ni ndege gani? Ana undugu na ndege gani wengine? Naye msemaji amejuaje?

Katika sura hii tutamchukua ndege mmoja wa msituni, tutamtambua hatua kwa hatua, kisha tutamtafutia ndugu zake. Ndege huyo ni mdogo, na ni mgumu sana kumwona. Tumemchagua kwa sababu hiyo hasa. Atakayeweza kumtambua huyu hatashindwa na kunguru.

Sauti itokayo juu ya miti

Mkoani Tanga kuna milima iitwayo Usambara Mashariki. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huigonga milima hiyo, hupanda juu, hupoa, na mvuke uliomo ndani yake hugeuka kuwa mvua. Ndiyo maana msitu wa huko ni mnene na miti yake ni mirefu. Mahali paitwapo Amani palijengwa kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na tangu mwaka 1997 msitu wa hapo umekuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Tuseme umesimama ndani ya msitu huo asubuhi, wakati wa mvua. Chini palipo miguu yako ni giza kidogo, kwa maana majani ya juu yameuzuia mwanga wa jua. Mara unasikia filimbi nzuri kutoka juu kabisa. Ina sauti nne. Mbili za kwanza zimeungana, hufuata kituo kifupi, kisha zinakuja mbili nyingine. Baada ya kitambo kidogo filimbi hiyo hurudiwa vile vile, na tena, na tena. Unainua macho. Huoni kitu ila majani.

Mwimbaji hajajificha kwa hofu. Amekaa juu ya tawi bila kujitikisa, na rangi yake ni kama ya majani yenyewe. Jina lake kwa Kiswahili ni kekeo, na kwa kuwa kekeo wako wengi, huyu tutamwita kekeo zumaridi. Zumaridi ni jiwe la thamani lenye rangi ya kijani kibichi. Ndege huyu huishi katika misitu ya Afrika kusini ya jangwa la Sahara, kuanzia Afrika ya Magharibi hadi Ethiopia, na kushuka hadi Afrika Kusini. Hapa kwetu hupatikana katika misitu ya milimani na kandokando yake.

Andika kwanza, taja jina baadaye

Mchunguzi mzuri hakimbilii kutaja jina. Kwanza huandika mambo aliyoyaona na kuyasikia. Katika daftari lako andika mahali ulipo, saa, sauti ya ndege, ukubwa wake, umbo lake, rangi zake na jambo alilokuwa akilifanya. Usipoona jambo fulani, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi ni bora kuliko jambo la kubuni.

Ukubwa wa ndege aliye mbali ni vigumu kuupima kwa rula. Kwa hiyo mlinganishe na ndege unaowafahamu: ni mkubwa kuliko shomoro? Ni mdogo kuliko njiwa? Kekeo zumaridi ana urefu wa sentimita 20 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Basi amempita shomoro, lakini hamfikii njiwa.

Wanafunzi wengi hupenda kuanza na rangi. Rangi hupendeza, lakini ni shahidi asiyetegemeka sana. Kwa ndege huyu jambo hilo ni kweli zaidi, na inafaa tulieleze vizuri.

Kijani cha namna mbili

Chukua povu la sabuni ulitazame penye jua. Utaona rangi nyekundu, kijani na buluu zikichezacheza juu yake, ingawa maji ya sabuni hayana rangi hizo. Rangi za povu hutokea kwa sababu utando wake ni mwembamba mno. Mwanga ukiugonga, hugawanyika na kurudi machoni pako katika rangi mbalimbali. Ukiinamisha kichwa, rangi hubadilika. Mafuta yaliyomwagika juu ya maji barabarani hufanya vivyo hivyo.

Manyoya ya kekeo zumaridi hung'aa kwa njia ya namna hiyo. Ndani ya unyoya mna tabaka nyembamba sana zisizoonekana kwa macho matupu, nazo hurudisha mwanga wa kijani. Jua likimwangaza, dume hung'aa mno. Lakini akikaa kivulini, au ukimtazama kutoka chini huku anga nyeupe ikiwa nyuma yake, utaapa kwamba umeona ndege mweusi. Wachunguzi wawili waliosimama mahali pawili wanaweza kuandika rangi mbili, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Katika msitu huo huo wa Usambara yuko ndege mwingine wa kijani, mkubwa zaidi, mwenye kishungi kichwani na mabawa yanayoonyesha wekundu mkali arukapo. Huyu ni kulukulu. Kijani chake hakitokani na tabaka za kurudisha mwanga. Kinatokana na rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, kama rangi iliyotiwa katika kitambaa. Hivyo ndege hawa wawili wamevaa kijani kwa njia mbili tofauti. Kama tungewapanga ndege kwa kutazama kijani tu, tungewaweka pamoja, na kasuku tungemtia humo humo. Hilo lingekuwa kosa.

Dume na jike

Sasa tuseme umepata bahati. Ndege ameshuka kwenye tawi la chini, jua likampiga. Dume ana kichwa, koo, kifua cha juu na mgongo vya kijani kinachong'aa. Tumbo lake ni la manjano safi, na mstari unaotenganisha kijani na manjano ni dhahiri, kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Hakuna kekeo mwingine wa Afrika ya Mashariki aliye hivyo.

Karibu naye yuko ndege mwingine wa ukubwa ule ule. Mgongo wake una mistari ya kijani na ya kahawia, na sehemu yake yote ya chini ni nyeupe yenye mistari ya kijani. Hana manjano hata kidogo. Je, huyu ni aina nyingine? Hapana, ni jike. Kwa ndege wengi dume na jike hawafanani, na mtu asiyejua jambo hili huweza kuhesabu aina mbili mahali palipo na moja. Umekwisha kuliona jambo hili nyumbani: jogoo na tetea hawafanani, lakini hakuna asemaye kwamba ni aina mbili za ndege. Tunajua hivyo kwa sababu huzaana, na vifaranga vyao hukua wakawa majogoo na matetea.

Ndugu wawili wa kutatanisha

Nje ya msitu wako kekeo wengine wadogo wenye kung'aa. Wa kwanza ana mgongo wa kijani na tumbo jeupe lisilo na manjano. Nyuma ya jicho lake kuna doa dogo jeupe. Hupenda kingo za misitu, miti iliyotawanyika na hata bustani. Huyu huitwa kekeo wa Klaas. Msafiri wa Kifaransa aitwaye François Le Vaillant, aliyetembea Afrika Kusini katika miaka ya 1780, alimpa ndege huyu jina la msaidizi wake Mwafrika, Klaas. Majina ya ndege wa Afrika yanayowakumbuka Wazungu ni mengi, ila yanayomkumbuka Mwafrika aliyebeba mizigo na kuonyesha njia ni machache sana. Kwa hiyo tulikumbuke hili.

Wa pili ana jicho jekundu na madoa meupe mabawani. Huyu hapendi msitu. Utamwona katika mashamba na mbuga, hasa karibu na minana, wale ndege wa manjano wafumao viota vinavyoning'inia mitini. Kwa nini yuko karibu na minana, utaelewa baada ya muda mfupi.

Ili kuwatenganisha ndege hawa watatu, jiulize maswali kwa mpango. Kwanza, dume ana tumbo la manjano? Kama ndiyo, ni kekeo zumaridi, na huna haja ya kuendelea. Kama siyo, je, ana madoa meupe mabawani na jicho jekundu? Kama ndiyo, ni kekeo wa mashambani. Kama siyo, tazama nyuma ya jicho. Ukiona doa jeupe moja, huyo ni kekeo wa Klaas. Maswali yaliyopangwa namna hii, kila jibu likikupeleka kwenye swali jingine au kwenye jina, huitwa ufunguo wa kutambulia. Ufunguo mzuri huuliza jambo linaloweza kuonekana. Swali kama "Je, ndege huyu ni mzuri?" halifai katika ufunguo.

Mtoto asiyemjua baba yake

Kekeo zumaridi hajengi kiota. Jike hutafuta kiota cha ndege mwingine mdogo, hutaga yai lake humo, kisha huenda zake. Mwenye kiota hulilalia pamoja na mayai yake. Kekeo wa mashambani hufanya hivyo katika viota vya minana, na kekeo wa Klaas hutumia sana viota vya chozi. Kwa kekeo wengi wa namna hii, yai la mgeni huanguliwa mapema. Kinda angali kipofu, asiye na unyoya hata mmoja, hujiinamisha ndani ya kiota, huyabeba mgongoni mayai ya mwenye nyumba na kuyasukuma nje, moja baada ya jingine. Hakufundishwa na mtu. Baadaye utaona ndege mdogo akihangaika kumlisha mtoto anayempita yeye mwenyewe kwa ukubwa.

Hapa pana jambo la kufikiri. Kinda huyu hakumwona baba yake, wala hakumsikia mama yake akimfundisha lolote. Aliowasikia kila siku ni wazazi wa kambo, ambao sauti yao ni nyingine kabisa. Lakini dume akishakua hupiga filimbi ile ile ya sauti nne. Hakujifunza wimbo huo, alizaliwa nao. Kwa sababu hiyo sauti ya kekeo ni alama inayotegemeka. Ndani ya msitu mnene, sikio litakusaidia kuliko jicho.

Zoea kusikiliza. Kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye watu wengi hudai kwamba hutabiri mvua, hupiga sauti tatu zinazoshuka. Kekeo zumaridi hupiga nne. Ukijua kuhesabu hadi nne, umekwisha kuwatenganisha.

Ni nani walio ndugu zake?

Sasa tunafika kwenye kazi ngumu zaidi. Kumtambua ndege ni kujua yeye ni nani. Kumpanga ni kujua yeye ni wa jamii gani. Huenda ukafikiri kwamba jamii ya kekeo ni ndege wote watagao katika viota vya wengine. Tulijaribu wazo hilo.

Yuko ndege mdogo wa kijivu ambaye huwaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania humfuata hadi leo. Watu huchukua asali, naye hula nta na viluwiluwi vya nyuki. Ndege huyu pia hutaga katika viota vya wengine. Zaidi ya hayo, kinda lake huwaua makinda wa mwenye kiota. Je, ni ndugu wa kekeo? Siyo. Mifupa yake na vinasaba vyake vinaonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni kigong'ota, yule ndege atoboaye miti kwa mdomo.

Kwa upande mwingine, mtazame tipitipi, ambaye pwani wengi humwita dudumizi. Ni ndege wa kahawia mwenye urefu wa sentimita 40 hivi, macho mekundu na sauti nzito kama ya maji yanayomiminika kutoka katika chupa. Hukaa vichakani karibu na mito. Hujenga kiota chake mwenyewe kwa majani, hulalia mayai yake na kulea watoto wake. Kwa tabia hafanani na kekeo zumaridi hata kidogo. Hata hivyo tipitipi ni wa jamii ya kekeo. Kadhalika, katika misitu ya pwani na ya Usambara yuko ndege wa kijani kilichofifia mwenye mkia mrefu na mdomo mnene wa manjano, apitaye polepole katikati ya mimea itambaayo. Huyo naye ni wa jamii ya kekeo, na hujenga kiota chake.

Basi tabia peke yake haitoshi kuonyesha undugu. Je, vidole? Tazama mguu wa kuku: vidole vitatu vimeelekea mbele na kimoja nyuma. Ndege wengi wako hivyo. Kekeo wote, pamoja na tipitipi, wana vidole viwili mbele na viwili nyuma. Alama hii ni nzuri. Lakini kasuku ana vidole vya namna hiyo, kigong'ota pia, na yule ndege wa asali pia. Vidole vikitumika peke yake vitatudanganya kama rangi ilivyotaka kutudanganya.

Wataalamu hutazama alama nyingi kwa pamoja: vidole, umbo la mifupa, manyoya, na siku hizi vinasaba, yaani zile chembe ambazo mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wake. Alama nyingi zikielekeza upande mmoja, ndipo husema, "Hawa ni jamii moja." Hata wao hubadilisha mawazo wapatapo ushahidi mpya. Kwa muda mrefu kulukulu aliwekwa katika kundi moja na kekeo. Leo ametengwa, akapewa kundi lake mwenyewe. Kulukulu hakubadilika kitu. Kilichobadilika ni ujuzi wetu.

Jamii ya kekeo ina aina 150 hivi duniani. Kekeo zumaridi hupangwa hivi: ni mnyama, ana uti wa mgongo, ni ndege, ni wa jamii ya kekeo, na ndani ya jamii hiyo ni wa kikundi kidogo cha kekeo wang'aao, pamoja na kekeo wa Klaas na kekeo wa mashambani.

Jina moja kwa watu wote

Msambaa ana jina lake kwa ndege huyu, Mchaga ana lake, na Mzulu wa Afrika Kusini ana lake. Majina hayo yote ni mema. Tena ni vizuri uwaulize wazee wa kwenu na kuyaandika. Lakini wataalamu wa nchi mbalimbali wanapoandikiana huhitaji jina moja. Mpango wa kuwapa wanyama majina ya maneno mawili ulitumiwa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1758. Neno la kwanza hutaja kikundi, la pili hutaja aina.

Kekeo zumaridi huitwa Chrysococcyx cupreus. Neno la kwanza lilitolewa katika Kigiriki nalo maana yake ni "kekeo wa dhahabu". La pili ni la Kilatini, maana yake "wa shaba", nalo alipewa na Mwingereza George Shaw mwaka 1792. Kwa ndege wa kijani na manjano, jina la shaba si jina la kufaa sana. Lakini kanuni ni kwamba jina lililotangulia hubaki, hata likiwa si zuri, ili watu wasichanganyikiwe kwa kubadilisha majina kila mara.

Atakayejua kwamba amekwenda

Mtu anaweza kuuliza: "Hawa wote ni kekeo. Kuna haja gani ya kuwatenganisha?" Tuchukue mfano wa kijiji kilicho kando ya msitu. Miti mirefu ikikatwa na mashamba yakapanuliwa, minana huongezeka, na kekeo wa mashambani humfuata mnana. Kekeo zumaridi hawezi kufanya hivyo. Yeye anahitaji miti mirefu, na anahitaji ndege wadogo wa msituni wa kumlelea watoto. Wakiondoka hao, naye huondoka. Watu wa kijiji hicho wakiwaita wote kekeo, wataendelea kusema, "Kekeo wapo, tunawasikia kila siku." Nao watakuwa wanamsikia mwingine. Filimbi ya sauti nne itakuwa imenyamaza kwa miaka mingi, wala hapana mmoja atakayejua siku iliponyamaza.

Kekeo hula viwavi, hata wale wenye vinyweleo viwashavyo ambao ndege wengi hawawagusi. Hilo nalo ulikumbuke uwaonapo wenzako wakimlenga kwa manati. Zamani wataalamu waliwapiga ndege risasi ili wawatazame kwa karibu. Wewe huna haja ya kufanya hivyo. Una macho, masikio, daftari na kalamu.

Kazi ya kufanya

Kwa muda wa wiki mbili, nenda kila asubuhi kabla ya masomo mahali pamoja karibu na shule penye miti. Kaa kimya kwa dakika kumi. Andika kila sauti ya ndege unayoisikia kwa kuhesabu idadi ya sauti zake na kuonyesha kama zinapanda au zinashuka. Usitaje jina mpaka umwone ndege mwenyewe mara mbili.

Maswali

1. Kwa nini wachunguzi wawili wanaweza kuandika rangi mbili tofauti za kekeo zumaridi mmoja?

2. Tipitipi hujenga kiota chake, na ndege aongozaye watu kwenye asali hutaga katika viota vya wengine. Ni yupi aliye wa jamii ya kekeo? Eleza jinsi ulivyojua.

3. Kinda la kekeo hulelewa na ndege wa aina nyingine. Kwa nini haliimbi kama wao?

4. Tengeneza ufunguo wa kuwatambulia ndege hawa wanne: kuku, bata, njiwa na kunguru. Tumia maswali matatu tu. Mpe mwenzako autumie, uone kama anafika kwenye jina sahihi.

5. Waulize wazee wawili majina ya ndege watatu wa mahali penu katika lugha ya kwenu. Je, kuna jina moja linalotumiwa kwa ndege wa aina mbili?